Hamira ipi kwa joto la Mtwara? Chachu nne za kutengenezea ethanoli ya majiko

Mwezi wa kumi na moja, korosho zinasubiri mnada na mabibo yanasubiri nzi. Ndivyo ilivyo kuanzia Tandahimba mkoani Mtwara hadi Ruangwa mkoani Lindi. Bibo lina uzito wa mara kadhaa ya korosho yake, likidondoka halivuki siku mbili, na likikuchafulia shati doa lake halitoki. Mengine huliwa, mengine hukamuliwa uraka (pombe ya mabibo), na mengi mno huoza chini ya mikorosho. Kwa hiyo kila msimu hukosi mtu anayepiga hesabu ya kuyageuza kuwa ethanoli, yaani kileo chenyewe, ya kupikia, na swali lake la kwanza ni lile lile: ninunue hamira gani?

Swali hilo nimewahi kulijibu vibaya, kwa gharama yangu mwenyewe. Msimu mmoja tulijaza tanki la plastiki la lita 1000 kwa juisi ya mabibo, tukatia hamira ya bei kubwa, ile ya distilari (viwanda vya kukenekea kileo), iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa inavumilia kileo hadi asilimia 18. Siku ya kwanza povu lilipanda hadi mdomoni. Siku ya pili mchana akapita bibi mmoja jirani, mkamuaji wa uraka tangu ujana wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akaweka kiganja ubavuni mwa tanki, akakiacha pale kidogo. "Hili lina homa."

Nikashusha kipimajoto kwa kamba hadi katikati. Nyuzi 40. Kesho yake povu lilikuwa limelala na haidromita, kipimo cha sukari iliyobaki, haisogei. Tukalinganisha kipimo cha mwanzo na cha siku ile: kileo hakikufika hata asilimia nne. Sukari iliyobaki waliila bakteria, na wiki ile tukawa na lita 1000 za siki mbaya.

Pakiti haikudanganya. Ile 18 hupatikana kwenye nyuzi 30 au zaidi kidogo, ndani ya chombo kinachopozwa. Kwenye nyuzi 40 hamira ile ile huwa kama kiumbe kingine. Tangu hapo sijamshauri mtu hamira kabla ya kumuuliza chombo chake kina ukubwa gani na maji anayapata wapi.

Vigezo vya kulinganishia

*Joto na kileo kwa pamoja.* Hiki ndicho kigezo kikuu, na lazima vitajwe pamoja kwa sababu vyote viwili vinaipiga chachu mahali pamoja. Seli ya chachu imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta. Kileo hupenya ndani ya utando huo na kuulegeza. Joto nalo huulegeza, kama samli inavyolainika juani. Utando ukilegea, chembe za asidi zilizoko nje huvuja kuingia, na seli hulazimika kuzisukuma nje kwa pampu zake. Pampu hizo zinakula nishati ile ile ambayo seli ingeitumia kukua na kuendelea na kazi. Wavuvi wa Mikindani watanielewa: kwenye mtumbwi unaovuja, anayefua maji hana mkono wa kupiga kasia.

Chachu hujitetea. Huongeza ergosteroli kwenye utando ili ukaze, hubadili aina ya mafuta, hujiwekea akiba ya sukari iitwayo trehalosi, na hutengeneza protini maalumu za kunyoosha protini nyingine zilizojikunja vibaya. Kinga hizi kwa sehemu kubwa ni zile zile, iwe adui ni joto au ni kileo. Wakija wote wawili siku moja, ghala ni moja na walaji ni wawili.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, tazama maelekezo ya hamira kavu. Watengenezaji wengi wanakuambia uilowanishe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 40, na inaamka vizuri tu. Chukua hamira hiyo hiyo, iweke kwenye nyuzi 40 ndani ya juisi yenye kileo cha asilimia sita, uone itakavyokaa kimya. Joto halijabadilika. Kilichoongezeka ni kileo. Kwa hiyo unapolinganisha chachu, usiulize inavumilia nyuzi ngapi halafu kando ukauliza inavumilia kileo kiasi gani. Uliza inavumilia kileo kiasi gani *kwenye joto lako la siku ya pili na ya tatu*, wakati kileo kimeshapanda.

*Sukari ya malighafi.* Hapa ndipo watu wengi wanalipia nguvu wasiyoihitaji. Kilo moja ya glukosi, hata kila kitu kikienda sawa, haitoi zaidi ya gramu 511 za ethanoli. Iliyobaki huondoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi. Juisi ya mabibo ina sukari ya gramu 100 hadi 120 hivi kwa lita. Piga hesabu: kileo hakiwezi kufika asilimia nane, na kwa kazi ya kawaida utashukuru ukipata sita. Ya nini basi hamira ya asilimia 18? Muhogo na molasi (shira nzito inayobaki kiwandani sukari ikishatolewa) ni habari nyingine. Molasi unaizimua kwa maji hadi utamu unaoutaka, na muhogo uliopikwa wanga wake ukavunjwa kwa vimeng'enya au kimea unaweza kukupeleka asilimia kumi na kuendelea. Molasi itoke Kilombero au Mtibwa, na nauli yake unaijua. Muhogo ni wa kwetu.

*Kupooza.* Uchachushaji wenyewe unazaa joto. Kanuni ya watengeneza mvinyo ni kwamba kila gramu 10 za sukari katika lita moja zikichacha hutoa joto la kutosha kuipandisha lita hiyo nyuzi 1.3 hivi, kama hakuna joto linalotoroka. Juisi ya mabibo yenye gramu 110 inabeba basi nyuzi 14 ndani yake. Anza na nyuzi 29, na huko mwisho utaiona 40 bila kuwasha moto. Pipa la lita 200 linapumua vizuri kiasi, kwa sababu ubavu wake ni mkubwa ukilinganisha na tumbo. Tanki la lita 1000 linajifunika lenyewe blanketi, na Novemba ya Mtwara, yenye nyuzi 31 au 32 mchana kivulini, haina baridi ya kulisaidia.

Sasa maji. Kuondoa joto lote la tanki hilo kwa maji ya kisima yanayoingia na nyuzi 27 na kutoka na 31 kunahitaji lita 3600 hivi. Mtu wa bondeni mwenye kisima atasema ni jambo dogo. Mtu wa Newala, aliyekulia kwenye maji ya kupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, atakuuliza kama una akili timamu. Ona pia kwamba maji ya nyuzi 27 hayawezi kukushushia tanki hadi 25. Ukiyapata 32 au 33, umefanya kazi nzuri. Chini ya hapo unahitaji mashine ya baridi, na mashine ya baridi inataka umeme usiokatika.

*Bakteria.* Wale wa asidi ya laktiki wanapenda nyuzi 37 hadi 40 kuliko hamira inavyozipenda. Chachu ikichoka kwa joto, nyumba ina mpangaji mpya.

*Upatikanaji na gharama.* Humu naweka pia gharama ya kuni za kukeneka, yaani kuchemsha juisi iliyochacha na kuunasa mvuke wa kileo. Juisi iliyochacha ikiwa na kileo cha asilimia nne, lita moja ya ethanoli inataka uchemshe lita 25. Ikiwa sita, lita 17. Ikiwa kumi, lita 10 tu. Hamira ya bei rahisi inayogoma mapema unailipia jikoni.

1. Chachu ya asili, ile ya uraka

Bibo linakuja na chachu zake juu ya ganda. Ukikamua na kuacha, kufikia jioni juisi inaanza kuimba.

*Joto na kileo:* Ni mchanganyiko wa aina nyingi, na hujui nani yuko kazini. Zile zinazoanza mbio mara nyingi ndizo dhaifu mbele ya kileo. Humaliza nguvu mapema, kisha wenye ustahimilivu zaidi hushika kazi kama wapo. Juu ya nyuzi 36 au 37 ni bahati nasibu. Leo pipa hili litafika asilimia tano, kesho pipa la pili kutoka mikorosho ile ile litaishia tatu.

*Malighafi:* Mabibo peke yake. Kwenye muhogo uliopikwa hakuna chachu iliyosalia, na kwenye molasi nzito ya asili hulemewa na utamu.

*Kupooza:* Inafanya kazi polepole, kwa hiyo joto linatoka polepole. Hiyo ni faida ambayo haisemwi sana.

*Bakteria:* Wamo tangu mwanzo. Humlaumu mtu.

*Kuipata:* Bure.

*Inamfaa nani:* Anayejaribu kwa ndoo moja kabla hajatoa senti, na mtafiti anayetafuta chachu ya kienyeji iliyozoea joto. Hili la pili silisemi kwa utani. Chachu maarufu ya joto iliyotoka Thailand, nitakayoitaja mbele, iliokotwa huko huko na kuchaguliwa kwa subira.

2. Hamira ya mkate

Ile ya dukani, ya maandazi. Jina lake la kitaalamu ni *Saccharomyces cerevisiae*, jina lile lile la hamira za distilari. Ni ukoo mmoja uliolelewa kwa kazi tofauti. Hii ya mkate ilichaguliwa kwa kuumua unga haraka, na unga hauna kileo cha kuitia mtihani.

*Joto na kileo:* Kwenye nyuzi 30 inaweza kukufikisha asilimia nane, na kwa uangalifu kidogo zaidi ya hapo. Kwenye 35 bado inafanya kazi ya mabibo, ingawa mwishoni inaburuta miguu. Ikigusa 38 wakati kileo kimeshafika asilimia nne, tegemea igome. Na ikigoma, kuipoza baadaye hakuirudishi. Seli nyingi zinakuwa zimekufa au zimevuja. Unalazimika kutia mpya, na mpya inaingia kwenye mazingira magumu kuliko zile za kwanza.

*Malighafi:* Mabibo yanaiweza, kwa sababu asilimia sita si mlima kwake. Molasi iliyozimuliwa kidogo na muhogo mzito vitaishinda.

*Kupooza:* Haikwepeki, ila kwa pipa la lita 200 ufundi wa mtungi unatosha: gunia lililolowanishwa likazungushiwa pipa, chini ya kivuli penye upepo. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Masasi na Nachingwea, ambako Oktoba hewa ni kavu, gunia linafanya kazi nzuri zaidi kuliko pwani. Mvua zikianza na hewa ikanata, gunia linabaki kuwa nguo mbichi tu.

*Bakteria:* Itie kwa wingi tangu mwanzo ili ishike nafasi. Gramu 1 hadi 2 kwa kila lita ya juisi zinafaa. Wengi wanatia kijiko kimoja kwa pipa zima, kama wanapika maandazi ya watu watano.

*Kuipata:* Kila duka la jumla, hata vijijini. Angalia tarehe, na usinunue iliyopangwa kwenye rafu ya dirishani inapopigwa jua.

*Inamfaa nani:* Mwenye mapipa machache ya mabibo na kivuli kizuri. Nasema bila haya: kwa watu wengi wa mikoa hii miwili wanaoanza, tofauti kati ya hii na hamira ya bei ni ndogo kuliko tofauti kati ya pipa lenye gunia na pipa lisilo nalo.

3. Hamira ya distilari

*Saccharomyces* ile ile, iliyochaguliwa ndani ya viwanda. Brazil ndiko mfano mzuri wa kuufuata kwa sisi wa nchi za joto. Aina zao mbili mashuhuri, PE-2 na CAT-1, zilipatikana kwenye matangi ya viwandani kwa kuangalia nani anabaki hai msimu mzima. Wanachachusha kwenye nyuzi 32 hadi 35, kwa saa 6 hadi 12 tu, kisha wanaikusanya chachu, wanaiogesha kwa asidi ya salfa ili kuua bakteria, na kuirudisha kazini. Kileo chao kwa kawaida ni asilimia 8 hadi 12. Wamarekani wa mahindi wao huwa nyuzi 30 hadi 33, siku mbili au tatu, na hupita asilimia 15. Linganisha wenyewe: joto likiwa juu kidogo, lengo la kileo likashuka kidogo, na hakuna anayeona aibu.

*Joto na kileo:* Kwenye 30 hadi 33 inabeba asilimia 12 hadi 18 kutegemea aina na chakula chake. Kwenye 35 hadi 36 bado ni ya kuheshimika, labda asilimia kumi. Juu ya 38 pengo kati yake na hamira ya mkate linafifia, na tanki langu ni shahidi. Mbinu ya viwandani ni kuanza na nyuzi 33 wakati kileo ni kidogo na seli zinazaliana, kisha kushusha hadi 30 kileo kinapopanda. Kwa maneno mengine, baridi uitumie mwishoni. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunapooza juisi siku ya kwanza, tukiona povu tunakwenda kulala.

*Malighafi:* Muhogo na molasi ndiko inakolipa. Kwenye mabibo inafanya kazi safi, lakini umekodi lori kubeba gunia moja.

*Kupooza:* Lazima, hasa kwenye tanki kubwa na malighafi yenye sukari nyingi. Gramu 200 za sukari kwa lita zinabeba nyuzi 26 za joto. Hapo gunia ni mzaha. Unataka koili ya bomba ndani ya tanki na maji yanayozunguka. Njia nyingine ni kulilisha tanki kidogo kidogo, robo asubuhi na robo jioni, ili joto litoke kwa awamu. Kwa mabibo maana yake ukamue mara mbili kwa siku, kwa sababu juisi iliyokamuliwa haingoji.

*Bakteria:* Inashika nafasi haraka ikilishwa vizuri. Ipe hewa kidogo mwanzoni kwa kukoroga, kwa sababu bila oksijeni haiwezi kutengeneza ergosteroli, ile ya kukazia utando. Ipe na naitrojeni: gramu 3 hadi 5 za urea kwa kila lita 10. Pipa lililotiwa urea si la kunywa tena, hata kwa kuonja. Waambie na vijana wanaolinda usiku.

*Kuipata:* Kwa kuagiza, kwa mifuko iliyonyonywa hewa. Mfuko ukifunguliwa unahesabu siku, na ukisafiri juu ya keria ya basi kutoka Dar es Salaam mchana kutwa umeshapoteza sehemu ya nguvu kabla hujaulipia ushuru wa stendi.

*Inamfaa nani:* Mwenye kisima, umeme wa kuaminika na muhogo, au kikundi kilichoshaiva kinachotaka kurudia matokeo yale yale kila wiki.

4. Chachu ya joto, *Kluyveromyces marxianus*

Hii si *Saccharomyces* kabisa. Ireland na New Zealand wanaitumia kutengeneza ethanoli kwa maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, kwa sababu inakula sukari ya maziwa. Sisi kinachotuvutia ni kwamba inakua vizuri kwenye nyuzi 40 hadi 45, ambako hamira nilizozitaja kabla yake zimeshakata tamaa.

*Joto na kileo:* Hapa msomaji asikimbie na nusu ya habari. Inavumilia joto vizuri, lakini kileo kinaisumbua mapema. Aina nyingi huishia asilimia tano au sita hivi. Ile ya Thailand, DMKU 3-1042, ni ya kiwango cha juu: mwaka 2007 watafiti wake walitangaza kwamba kwenye juisi ya miwa ilifikisha gramu 8.7 za kileo kwa kila mililita 100 kwenye nyuzi 37, na kwenye nyuzi 40 ikashuka hadi 6.78. Hiyo ni bingwa wa joto, na bado nyuzi tatu tu zimemnyang'anya karibu robo ya kileo chake. Hakuna chachu iliyosamehewa hesabu hii.

*Malighafi:* Mabibo, kwa maoni yangu, ndiyo mechi yake. Sukari ya mabibo inaishia kwenye asilimia sita, na yenyewe inafika huko bila kupozwa sana. Kwa muhogo wa asilimia kumi, hapana. Kwa mabaki magumu kama machicha na mabua, ambako vimeng'enya vinapenda karibu nyuzi 50, wataalamu wanaitazama kwa hamu kwa sababu chachu na vimeng'enya vinakutana karibu njia moja.

*Kupooza:* Kidogo au hakuna, kwa matangi ya ukubwa wetu. Newala wangeipokea kwa vigelegele. Ila kwenye tanki la moto sehemu ya kileo hutoroka na gesi, kwa hiyo funika vizuri na upitishe gesi kwenye maji.

*Bakteria:* Nyuzi 42 zinawapunguza baadhi, lakini wa laktiki wako nyumbani hapo. Usafi haupungui.

*Kuipata:* Hapa ndipo maji yanapozidi unga. Haiuzwi dukani. Unahitaji maabara ya kuitunza, mtu wa kuikuza kila wiki bila kuingiza uchafu, na subira. Inahitaji pia hewa zaidi kuliko hamira ya kawaida. Ukiifungia kabisa tangu mwanzo haikui.

*Inamfaa nani:* Mradi wenye mtu wa maabara, uliopo mahali pasipo na maji ya kupooza.

Kuhusu chachu mpya za maabara, na majivu

Kuna watakaokuambia subiri, wanasayansi wameshatatua. Oktoba 2014 zilitoka kweli tafiti mbili pamoja katika jarida la Science. Moja, ya timu ya Chalmers huko Sweden, ililea hamira kwenye nyuzi zinazokaribia 40 vizazi na vizazi hadi ikabadilisha steroli ya utando wake ikaizoea hali hiyo. Lakini kazi yao iliyofuata ilionyesha kwamba ikirudishwa kwenye joto la kawaida inakua polepole kuliko mama yake. Nyingine, ya MIT Marekani, ilionyesha kwamba kuongeza potasiamu na kupunguza asidi kwenye majimaji kunasaidia seli kuvumilia kileo, kwa sababu pampu za utando zinapata nafuu.

Baada ya hiyo ya pili nimesikia wazo la kutia majivu ya jikoni kwenye pipa, maana majivu yana potasiamu. Usikimbilie huko. Majivu yanaua ukali wa juisi, na ukali ule ndio ulinzi wako dhidi ya bakteria. Kwenye maabara chombo ni safi kabisa. Pipa la Nanyamba si chombo cha maabara.

Kulingana na hali yako

Kama una pipa moja hadi manne ya lita 200 na mabibo ya shambani, nunua hamira ya mkate, zungushia gunia, anza jioni ili usiku wa kwanza ubebe sehemu ya joto. Usiunganishe mapipa kuwa tanki moja kwa sababu linaonekana la kitaalamu. Wingi wa mapipa madogo ndio mfumo wako wa kupooza.

Kama uko juu Newala au Tandahimba, usiku wako una ubaridi kuliko wa Mtwara mjini na maji yako ni ya shida. Vyombo vidogo, hamira ya mkate au ya distilari kwa kiasi, na mchana funika kwa makuti tu. Kama mradi wenu una mtaalamu wa vijidudu, *marxianus* iwe kwenye mazungumzo.

Kama kazi yako ni muhogo au molasi na unalenga asilimia kumi, chukua ya distilari, na fedha ya koili na pampu iwekwe kwenye bajeti kabla ya fedha ya hamira. Bila koili shusha lengo hadi asilimia saba kwa kuzimua zaidi. Utachemsha maji mengi zaidi kwenye kukeneka, lakini hutakeneka siki.

Kama uko mjini Mtwara na gesi ya Mnazi Bay imeshafika hadi jikoni kwako, huenda ethanoli isikulipe kabisa, na ni heri ulijue mapema.

Yeyote uliye, kukeneka kunataka kibali, hata ukiapa kwamba ni ya jiko. Mvuke wa ethanoli unawaka kabla hujauona, basi mtambo usiwe karibu na moto usiofunikwa wala ndani ya banda la makuti.

Na kama hujawahi kupima joto la pipa lako hata mara moja, usinunue hamira ya bei bado. Jaza pipa moja juisi, tia hamira ya mkate, funga kipimajoto kwenye kamba, shusha hadi katikati na uandike kila baada ya saa nne kwa siku tatu, usiku ikiwemo. Kisha tazama namba za kuanzia saa ya 24 hadi ya 48. Zikiwa chini ya 35, sehemu ya pili ya makala hii inakutosha. Zikiwa kati ya 35 na 38, tafuta gunia, kivuli au chombo kidogo, urudie. Zikipita 38 na huna maji, soma tena sehemu ya nne.